Maswali ya Wasomaji: Skrini ya Tatu Juu ya Nguzo Moja

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mfasiri wa nyaraka na kazi zangu nyingi huzifanyia nyumbani, hapa Morogoro. Mwaka jana nilinunua stendi ya nguzo moja yenye mikono miwili, ile inayobanwa ukingoni mwa meza, nikafunga skrini mbili za inchi 24. Nikichapa kwa kasi skrini hutikisika hadi maandishi yanasumbua macho, na miezi ya karibuni zote mbili zimeanza kuinamia mbele. Sasa nimepata skrini ya tatu ya ukubwa uleule, nami natamani kuiweka juu ya hizo mbili. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu yuko tayari kunitengenezea nguzo ndefu zaidi kwa bomba la maji la inchi moja. Meza yangu ni ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, yenye unene wa milimita 16. Je, nimruhusu aanze?
Msomaji, Morogoro

Ndugu msomaji, tafadhali mwombe fundi asubiri. Wazo lako si baya, na kazi yenyewe inawezekana, lakini dalili ulizozieleza zinaonyesha kwamba kinachoshindwa sasa hivi ni meza, na nguzo ndefu iliyofungwa kwenye meza iliyoshindwa itayazidisha yote mawili, kutikisika na kuinama.

Watu wengi wanaponunua stendi huuliza swali moja tu, yaani inabeba kilo ngapi. Ni swali la lazima, ila halitoshi, kwa sababu kinachoiumiza meza ni uzito ukizidishwa na umbali wake kutoka kwenye nguzo, kama vile ndoo ya maji inavyokuwa nzito zaidi ukiishika kwa mkono ulionyooshwa. Skrini ya inchi 24 ikiondolewa kitako chake huwa na kilo 3 hadi 4. Tuseme zako mbili zina kilo 7 kwa jumla, nawe umeivuta mikono mpaka zimekaa sentimita 40 mbele ya nguzo. Ikiwa kitako cha stendi kina sentimita 10 tu kutoka mbele hadi nyuma, basi ukingo wake wa mbele unaukandamiza ubao kwenda chini kwa kani inayokaribia uzito wa kilo 28, huku taya la chini la kibano likiusukuma ubao kwenda juu kwa upande wa nyuma. Hapo uzito wa mikono yenyewe haujahesabiwa. MDF ya milimita 16 ikikandamizwa hivyo usiku na mchana huanza kubonyea, kibano kinalegea kidogo, nguzo inaegemea mbele, na skrini zinaifuata.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, hakikisha kwa mikono yako mwenyewe. Weka vidole vya mkono mmoja pale kitako kinapokutana na ubao, kisha umwombe mtu wa nyumbani aisukume skrini moja mbele na nyuma polepole. Ukihisi ubao unapinda pamoja na kitako, tatizo ni meza. Ukihisi kitako kinanyanyuka huku ubao umetulia, kibano kimelegea na kinahitaji kukazwa. Ikiwa vyote viwili vimetulia na mikono pekee ndiyo inayocheza, kaza maungio yake kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita uliokuja na stendi. Kwa maelezo yako, nadhani utakuta jibu la kwanza.

Dawa yake si ghali. Nunua kipande cha mbao ngumu, mninga au mkongo, chenye unene wa milimita 25 na upana wa sentimita 20 hivi, kiwe kirefu cha kutosha kutoka mguu mmoja wa nyuma wa meza hadi mwingine. Mwambie seremala akipige randa, kisha akigandishe kwa gundi ya mbao chini ya ubao, sambamba kabisa na ukingo wa nyuma, na kukikaza kwa skrubu za milimita 35 zinazoingia kutoka chini. Mbao na MDF kwa pamoja zitakuwa na milimita 41, kwa hiyo skrubu za urefu huo hazitatokeza juu ya meza. Muhimu zaidi ni kwamba ncha za mbao hiyo zifungwe kwenye miguu au fremu ya meza, maana mbao inayoning'inia katikati ya ubao bila kuishika miguu huongeza unene tu, wakati wewe unahitaji njia ya kuupeleka mzigo sakafuni. Baada ya hapo weka bamba la chuma la milimita 3, lenye ukubwa wa takriban sentimita 15 kwa 20, chini ya kitako, na jingine kama hilo kati ya mbao na taya la kibano, ili kani itawanyike mahali papana. Jumla ya unene itakuwa milimita 47, hivyo pima kwanza kama kibano chako kinafunguka kiasi hicho.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu limewahi kunigharimu. Miaka kadhaa iliyopita niliifunga stendi ya mikono miwili kwenye meza nzuri, nyepesi, ambayo sikujua kwamba ndani yake ilikuwa na uwazi uliojazwa karatasi ngumu zilizopangwa kama sega la nyuki. Nilikaza kibano, nikasikia mlio mdogo, na asubuhi yake kitako kilikuwa kimezama ndani ya meza na skrini moja imelala juu ya kicharazio. Tangu siku ile kwanza naigonga kwa vifundo vya vidole meza yoyote nitakayoifunga stendi, nikisikiliza kama inatoa sauti ya ngoma.

Sasa tuje kwenye bomba. Bomba la maji linaloitwa la inchi moja halina kipenyo cha inchi moja kwa nje. Kipenyo chake cha nje ni takriban milimita 33.7, ilhali nguzo za stendi nyingi za aina yako zina milimita 35. Tofauti ya milimita 1.3 inaonekana ndogo, lakini pete zinazoshika mikono zimetengenezwa kuikumbatia nguzo pande zote, na zikipewa nguzo nyembamba zaidi zitaigusa kwa sehemu mbili au tatu tu, utalazimika kuzikaza kupita kiasi, na pete za aloi ya alumini huweza kupasuka. Pima nguzo uliyonayo kwa venia, kile kipimo chenye taya cha kupimia vipenyo, uichukue pete moja uende nayo dukani, ukatafute bomba litakaloingia bila kucheza. Ukilikosa kabisa, fundi anaweza kulivika bomba la maji bati la unene wa milimita 0.6 pale tu pete zinapokaa, mradi kingo za bati hilo zikutane bila kupandana. Unene wa ukuta wa bomba usipungue milimita 2, kwa kuwa mabomba membamba ya fanicha hupinda kirahisi yakirefushwa.

Kama fundi atapendelea kuirefusha nguzo ya zamani, asiunganishe ncha mbili kwa mshono wa nje peke yake. Aingize ndani kipande cha bomba jembamba cha urefu wa sentimita 15 kinachobana, nusu yake upande huu na nusu upande ule, ndipo achomelee, kisha aukwangue mshono kwa grainda hadi pete iweze kupita juu yake. Chuma kikipata moto huvutika, kwa hiyo kabla ya kupaka rangi asimamishe nguzo na kuikagua kwa pimamaji katika pande mbili.

Kuhusu urefu, skrini ya inchi 24 ina kimo cha sentimita 30 hivi bila kuhesabu fremu, hivyo acha sentimita 35 kati ya kitovu cha skrini za chini na kitovu cha ile ya juu. Ukiweka vitovu vya zile za chini sentimita 30 juu ya meza, kitovu cha ile ya juu kitafika sentimita 65, na nguzo ya sentimita 75 itakutosha. Skrini hiyo ya juu usiipe mkono mrefu. Ifunge kwa pete yenye shingo fupi iliyo karibu kabisa na nguzo, iinamishe kidogo kukuelekea, kwa maana uzito ulio juu na mbali na nguzo ndio unaoyumba kuliko wote.

Hata hivyo, niruhusu nikupe ushauri ambao hukuuomba. Mfasiri husoma kurasa ndefu, na shingo haikuumbwa kutazama juu kwa saa sita. Kabla ya kuchoma chuma chochote, jaribu kuisimamisha skrini ya tatu kwa wima, kandoni mwa zile mbili, juu ya kitako chake chenyewe ikiwa kinaruhusu kuzungushwa. Ikiwa wima huchukua upana wa sentimita 30 tu na kukupa kimo cha 53, kiasi cha kuuona ukurasa mzima wa waraka wa asili bila kuusogezasogeza. Mimi ningeitengeneza meza wiki hii, nikafanya kazi mwezi mmoja na skrini iliyosimama wima, na baada ya hapo ndipo ningempigia fundi simu.

Ndugu Mhariri, nimenunua mkono wa skrini lakini mgongoni mwa skrini yangu ya mtumba sioni matundu manne ya kufungia mkono yanayosemwa. Je, naweza kuyatoboa mwenyewe?
Msomaji, Tanga

La, ndugu yangu, usitoboe. Nyuma ya ganda lile la plastiki kuna bodi za umeme na kioo chenyewe, na hata kama utabahatika usiviguse, plastiki pekee haina nguvu ya kubeba skrini. Ondoa kwanza kitako cha asili pamoja na kifuniko chake, kwa sababu katika skrini nyingi matundu hujificha hapo hapo shingo inapoungana na mgongo. Kwa kawaida yamepangwa kwa mraba wa milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, kufuata kiwango cha VESA, shirika la viwango vya skrini, kilichotolewa mwaka 1997, na huchukua skrubu za M4, yaani zenye kipenyo cha milimita 4. Ukikuta matundu ambayo umbali wake haulingani na huo, fundi anaweza kukutengenezea bamba la chuma la milimita 3 lenye matundu ya aina zote mbili. Mpe kipimo cha kukagulia kazi yake: mraba wa 100 una milimita 141.4 kutoka pembe hadi pembe, na wa 75 una 106, na kila mraba lazima utoe kipimo kilekile kwa pembe zote mbili. Ikiwa hakuna tundu lolote, tafuta kishikio chenye makucha yanayoikamata skrini kwa kingo zake.

Urefu wa skrubu nao ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwani skrubu ndefu ikikazwa kwa nguvu huweza kuharibu vilivyomo ndani. Ingiza njiti ya kiberiti tunduni taratibu mpaka igote, weka alama kwa ukucha, kisha uipime. Kina hicho, ukijumlisha na unene wa bamba na kutoa milimita 1 au 2, ndio urefu unaokufaa. Skrubu uliyonayo ikizidi, iongezee washa chini ya kichwa chake.

Mkono wangu wa springi ya gesi hunyanyua skrini juu wenyewe kila ninapoiacha. Je, ni mbovu?
Msomaji, Nakuru

Inaelekea ni mzima, ila springi imekazwa kwa ajili ya skrini nzito kuliko yako. Mikono ya aina hii ina uzito wa chini na wa juu inaoukubali, na skrini nyepesi kuliko uzito wa chini haitatulia hata ukirekebisha vipi. Angalia kipimo hicho kwanza, kisha, skrini ikiwa imefungwa, ushushe mkono hadi ulale sawa na meza na uizungushe skrubu ya springi kidogo kidogo kuelekea alama ya kutoa, ukijaribu kila baada ya mzunguko mmoja. Siku utakapoiondoa skrini, upandishe mkono kwanza hadi juu kabisa, kwa sababu mkono uliopunguziwa mzigo ukiwa chini huruka ghafla, na unaweza kumjeruhi mtu usoni.

Fundi amenikatia nguzo na kunipangia skrini vizuri, makali ya juu yakiwa sawa na macho yangu kama inavyoshauriwa. Lakini mimi navaa miwani yenye sehemu mbili, ya mbali na ya kusomea, na jioni shingo inaniuma.
Msomaji, Mombasa

Pole sana, mama. Ushauri uliopewa ni sahihi kwa watu wengi, lakini haukuizingatia miwani yako. Sehemu ya kusomea iko chini ya kioo, kwa hiyo ili kuyaona maandishi unalazimika kuinua kidevu siku nzima. Shusha skrini hata sentimita 10, ilaze nyuma kidogo ili ikutazame, na uivute hadi umbali ambao unasoma kwa kidevu kilichotulia. Ukishaishusha, kagua kwamba kebo zina urefu wa ziada kwenye kiungo cha mkono, zisije zikavuta soketi kila unapoisogeza. Na kwa kuwa uko pwani, mwombe fundi apake ncha ya nguzo aliyoikata rangi ya kuzuia kutu mapema, ndani na nje, maana chuma kilichoachwa wazi kwenye hewa ya chumvi hakichelewi kushika kutu, na kutu ikishafika kwenye pete hutaweza tena kuishusha wala kuipandisha skrini kwa urahisi.