Ukitaka Gari la Mwaka 1962, Nunua la Kuendeshwa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayeishi Columbus, Ohio, ambaye aliniandikia hivi: "Kaka, ile filamu uliyoisifu nimeitazama mpaka nikakesha. Nina akiba kidogo. Nataka Ford ya mwaka 1932, ya njano, kama ya John Milner. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa maneno machache kwa kuwa nilikuwa kazini, lakini swali kama lake nimeulizwa na wengi tangu nilipoonyesha picha za gari langu likiwa katika msafara wa magari ya kale wa Modesto mwezi Juni, na kwa hiyo nimeona heri nijibu kwa kirefu. Kama yupo Mswahili katika Bonde la Kati la California mwenye haki ya kulizungumzia jambo hili, basi ni mimi.

Filamu yenyewe ni American Graffiti, iliyoongozwa na George Lucas na kutolewa mwezi Agosti 1973. Inasimulia usiku mmoja tu, tangu jua kuzama mpaka kuchomoza, mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1962 katika mji wa Modesto, ambako Lucas mwenyewe alizaliwa mwaka 1944. Marafiki wanne, akiwemo John Milner wa ile Ford ya njano, na wawili kati yao wakiwa na safari ya kwenda chuoni asubuhi, wanaumaliza usiku huo wakizungusha magari katika barabara zile zile, wakisimama kwenye mkahawa ambao wahudumu wake huwapelekea wateja chakula garini wakiwa wamevaa viatu vya magurudumu, wakitaniana na wasichana kupitia madirishani, na kutafuta mtu wa kushindana naye mbio. Sehemu kubwa ilipigwa picha Petaluma, kaskazini ya San Francisco. Gharama zake hazikufika dola milioni moja, ilhali mapato yalipita dola milioni 100, na ingawa ilipendekezwa kwa tuzo tano za Oscar haikupata hata moja, jambo ambalo mpaka leo huwa siliweki sawa moyoni.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza Mombasa, kwa binamu yangu wa Majengo, katika kanda ya video iliyochakaa kiasi kwamba rangi ya njano ya gari la Milner ilionekana kama ya embe lililoiva kupita kiasi. Kiingereza chao cha haraka kilinipita, lakini redio niliielewa vizuri. Takriban kila gari katika filamu ile limefunguliwa kituo kimoja, na mtangazaji ni mmoja, Wolfman Jack, aliyejiigiza mwenyewe na ambaye kweli alikuwa akitangaza kutoka vituo vyenye nguvu nyingi vilivyowekwa upande wa Mexico wa mpaka, ili mawimbi yake yavuke usiku na kuwafikia vijana wa Marekani. Sisi tuliokua tukisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC barazani, tukizungusha kitufe kuikimbia mikwaruzo, hatukuhitaji kufasiriwa raha ya watu wengi wasioonana kusikiliza sauti moja. Baadaye nilijifunza kwamba Lucas na fundi wake wa sauti, Walter Murch, walizipiga zile nyimbo kwenye spika katika sehemu za wazi wakazirekodi upya, ili zisikike kama zinatoka katika gari linalopita mtaa wa pili. Ndiyo sababu nyimbo zaidi ya 40 zinapita filamu nzima bila kumchosha msikilizaji.

Miaka ya mwanzo ya maisha yangu ya Marekani siisimulii, kwa kuwa kila mhamiaji anayo ya kwake na zote zinafanana. Inatosha kusema kwamba nilifika Stockton, nikapata kazi katika gereji ya kunyoosha mabati na kupiga rangi, na siku moja mteja mmoja akanielekeza kwa mkulima wa upande wa Lodi aliyekuwa na Ford Falcon ya mwaka 1963 bandani, ya milango minne, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, panya wakiwa wamehamia ndani ya viti. Niliinunua siku hiyo hiyo. Kukwangua kutu, kusaka vipuri na kufungua kabureta lile lile mara kwa mara ni habari isiyo na utamu kwa msomaji. Kulichukua muda ambao mke wangu anaukumbuka vizuri kuliko mimi. Ninachotaka kijulikane ni kwamba kila paneli ya gari lile niliinyoosha kwa mikono yangu, na rangi yake ya samawati niliipiga mwenyewe, na fundi yeyote anayeona haya kujisifu kwa kazi ya namna hiyo basi kazi yake si nzuri.

Nilipolimaliza nililipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale katika mji mmoja wa jirani. Bwana aliyekuwa akiandikisha magari mlangoni alilitazama, akanitazama, akasema kwamba gari la milango minne ni gari la bibi wa kwendea kanisani, kisha akaniuliza kwa tabasamu kwamba Mwafrika ana kumbukumbu gani ya mwaka 1962. Sikuingia. Nakiri kwamba maneno yale bado yananichoma, hasa lile swali la pili, kwa sababu lilikuwa na ukweli nusu: mwaka 1962 Kenya ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na hakuna kijana wa Majengo aliyekuwa akizungusha gari usiku kucha kwa petroli ya babake. Mwaka ule si kumbukumbu yangu. Lakini wala si kumbukumbu ya kijana wa Kimarekani wa miaka 20 ambaye siku ile alipita mlangoni na gari alilonunuliwa na wazazi wake likiwa limekamilika.

Isitoshe, historia ya magari haya haikuanza na watu wa kuringa. Hotirodi, yaani gari la kale lililovuliwa madigadi na uzito usiohitajika kisha likaongezewa nguvu, lilibuniwa na vijana wasio na fedha. Ford ilipotoa injini ya V8 ya bei nafuu mwaka 1932, iliweka nguvu mikononi mwa watu wa kawaida; baada ya miaka michache magari hayo yakawa mitumba ya bei ya chini, na vijana wa California wakawa wanayapeleka kwenye sakafu za maziwa ya maji yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage, kuyapima mwendo. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, askari waliorudi na ufundi wa kuchomelea chuma na kutengeneza injini wakauongezea moto mchezo huo. Upande wa pili, Wamarekani wa asili ya Mexico walikuwa wakiyashusha magari yao karibu na ardhi na kuyaendesha taratibu yaonekane, na serikali ikawatungia sheria ya mwaka 1958 iliyokataza magari ya chini sana. Tangu miaka ya 1980 miji ya California iliruhusiwa kupiga marufuku mizunguko ya magari, na Modesto yenyewe, mji uliopata jina duniani kwa mizunguko hiyo, iliwahi kuipiga marufuku. Marufuku hizo zilifutwa kwa sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, na waliosimama mstari wa mbele kuipigania ni wale wale wa magari ya chini. Kwa hiyo yule bwana wa mlangoni akitaka kujua huu ni urithi wa nani, awaulize waliouweka hai wakati wenzao walikuwa wamefunika magari kwa turubai.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu wa Ohio. Unamtaka Milner, lakini sidhani kama umemtazama vizuri. Milner ana miaka ipatayo 22, wenzake wa rika wameshaondoka, naye bado anazunguka na watoto wa shule. Ndani ya filamu inayoliliwa na dunia nzima, yeye mwenyewe analia kwamba barabara ya mizunguko imepungua na kwamba muziki umeharibika tangu Buddy Holly afariki, yaani mwaka 1959. Lucas alitengeneza filamu mwaka 1972 akiomboleza mwaka 1962, na ndani ya mwaka 1962 akamweka mtu anayeomboleza miaka mitatu iliyotangulia. Halafu kuna mbio za alfajiri katika barabara ya Paradise, ambazo kila mtu anakumbuka kwamba Milner alishinda. Alishinda kwa sababu Chevrolet nyeusi ya mwaka 1955 ya Bob Falfa, aliyeigizwa na Harrison Ford kabla hajawa na jina, iliacha njia, ikapinduka na kuwaka. Milner mwenyewe anamwambia rafiki yake Terry kwamba alikuwa anashindwa, na Terry anakataa kumsikia. Sisi mashabiki wote ni Terry katika jambo hili.

Na maandishi ya mwisho je, uliyasoma au ulikuwa umeshazima? Yanasema kwamba Milner aliuawa na dereva mlevi Desemba 1964, na kwamba Terry alitoweka vitani Vietnam, karibu na An Loc, Desemba 1965. Kwa hiyo mtu anayenunua gari la njano ili alifungie gerejini na kulitazama amechukua rangi akaacha hadithi. Gari lile halikuwa la maonyesho. Lilitembea usiku kucha, likabeba mtoto wa kike mtukutu ambaye Milner hakumtaka, likarushiwa puto la maji, likarudi barabarani.

Ndiyo maana nakushauri uiache Ford ya 1932. Ya asili, yenye bati lake la kiwandani, ni ghali kupita akiba ya mtu anayelipa kodi ya nyumba, na nyingi utakazoonyeshwa ni bodi mpya za faibaglasi au za chuma kilichofinyangwa upya juu ya chesisi mpya, jambo lisilo baya ukiambiwa mapema na baya sana ukigundua umeshalipa. Tafuta gari la kawaida la miaka ya mwanzo ya 1960, na litafute la milango minne, kwa sababu wenye kiburi hawalitaki na bei yake hushuka kwa ajili ya kiburi chao, wakati injini, gia na furaha ni zile zile. Usinunue la huko Ohio kama unaweza kuepuka, kwa kuwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chuma kutokea chini ambako macho hayafiki. Nunua la huku kwenye ukavu, lala chali chini yake ukiwa na tochi, na ugonge chesisi kwa nyundo ndogo kabla hujazungumza bei.

Kisha fedha ya kwanza iende kwenye breki, si kwenye rangi. Magari mengi ya miaka ile yana breki za dramu kwenye magurudumu yote na masta silinda, yaani pampu ya breki, yenye mkondo mmoja, maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka unabaki bila breki hata kidogo. Weka masta silinda ya mikondo miwili, weka diski mbele, weka mikanda. Lucas mwenyewe alikuwa na ndoto ya kuwa dereva wa mashindano mpaka Juni 1962, siku chache kabla ya kumaliza shule, gari lake dogo la Kiitaliano lilipogongwa likabingirika na kugonga mti. Mkanda ulikatika, akarushwa nje, na akapona kwa sababu hiyo. Nimewasikia vijana wakikitumia kisa hicho kama hoja ya kutofunga mkanda. Huo ni ujinga, na mtu mwenye mawazo hayo hapandi gari langu.

Baada ya hapo liendeshe. Liendeshe likiwa na rangi ya viraka, liendeshe viti vikiwa vimechanika. Nawaona Waswahili wenzangu huku ughaibuni wanavyonunua vitu vizuri na kuvifungia, sebule haikaliwi, sahani hazipakuliwi chakula, gari halitoki mpaka mgeni aje, na watoto wanakua wakidhani kitu kizuri ni kitu ambacho hakiguswi. Mtoto wako hataipenda filamu ya mwaka 1973 kwa kuamriwa akae kwenye kochi. Mpakie garini jioni, mfungulie redio ya zamani yenye spika moja, mzungushe mjini taratibu bila safari maalumu, mnunulie chipsi. Akiuliza mnakwenda wapi mwambie hakuna mnakokwenda. Binti yangu aliiomba filamu mwenyewe baada ya mizunguko kadhaa, na kulipopambazuka barabara ya Paradise alikuwa bado macho. Wazazi wenye kulalamika kwamba watoto hawathamini vitu vya zamani wajiulize kwanza kama wamewahi kuwapa nafasi ya kuvichafua.

Umeuliza pia kuhusu rangi ya njano. Utakapofika Modesto utakuta magari ya njano yamejaa, na hakuna atakayegeuka kulitazama la kwako. Piga nyingine yoyote. Msafara huwa mwezi Juni, joto ni kali, na injini za kale huchemka katika foleni, basi kagua rejeta na feni wiki moja kabla na ubebe maji ya akiba kwenye buti. Ukija uniandikie mapema, maana nafasi ya kuegesha nyumbani kwangu ni ya gari moja tu, na nyumba za wageni za pale mjini hujaa.