Usiuze Steam Deck Yako Upate Laptop: Itafutie Kibodi

Kila mara namsikia kijana hapa Kigoma anatafuta mnunuzi wa Steam Deck, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi, aliyoletewa na ndugu yake, eti apate hela ya laptop ya kuandikia. Kabla hujafika huko, nisikilize. Hiyo unayoiita gemu ni kompyuta kamili. Kampuni ya Valve waliitoa mwaka 2022 ikiwa na mfumo endeshi wa SteamOS, ambao umejengwa juu ya Arch Linux, mfumo wa kompyuta kamili. Shikilia kitufe cha kuwashia, menyu itatokea, chagua kuhamia Desktop. Utakuta mafolda na Kate, programu ya kuandikia ambayo imo tayari.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wachuuzi wa dagaa Kibirizi. Vikao vyetu tunafanya siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu, na mihtasari naiandika kwenye Deck watu wakiwa bado wanaongea.

Siri yote iko kwenye kibodi. Ile ya kwenye kioo, inayotokea ukibonyeza kitufe cha STEAM pamoja na X, inafaa kuandika nywila tu. Ukitaka kuandika kurasa, tafuta kibodi yenyewe. Ya waya ni rahisi kupata na haihitaji betri, ila Deck ina tundu moja tu la USB-C, lile la juu. Ukichomeka kibodi humo, huchaji tena. Kwa hiyo chagua: ama kibodi ya Bluetooth, ama kile kifaa cha kugawa tundu chenye nafasi ya kupitisha chaji. Mimi nakushauri Bluetooth kama una hela ya kitu kimoja tu, na iwe na vitufe vya ukubwa wa kawaida. Zile kibodi ndogo za kushika kwa vidole gumba ziache dukani; mkono utachoka kabla ya ajenda ya pili.

Kioo ni cha inchi 7 hivi, na herufi zinakuja ndogo mno. Ndani ya Kate bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka usome bila kuinama. Mstari ukipitiliza nje ya kioo, F10 itaukunja. Maneno yatakayoonekana ni machache, na kwa kuandika rasimu hilo halina shida kabisa. Shida ni shingo. Deck ikilala mezani utainamia kama mtu anayechambua mchele, kwa hiyo iinue: boksi, rundo la madaftari, chochote kile, kibodi ibaki chini. Kwenye treni ya kwenda Tabora naitandikia kanga iliyokunjwa mara nne pale kwenye kimeza cha dirishani, maana behewa likitikisika inateleza.

Ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inazimwa kwa Ctrl, Shift na O. Ukihitaji majedwali, ingia Discover, duka la programu lililomo humo, upakue LibreOffice. Pitia huko huko Discover. Ukilazimisha kusakinisha kwa pacman, yaani kwa kuandika amri, sasisho la mfumo linaweza kufuta ulichoweka.

Umeme ukikatika, utafurahi. Valve wenyewe wanasema betri ya Deck ya kwanza, ya saa-wati 40, inakaa kati ya saa 2 na 8 kulingana na kazi. Gemu nzito inaimaliza upesi, ila maandishi hayaisumbui. Punguza mwanga, zima Wi-Fi. Betri ikizima ghafla, Kate huwa imeweka nakala ya pembeni, na ukifungua faili tena itakuuliza kama urejeshe. Chaja yake ni ya wati 45. Chaja ndogo ya simu itachaji polepole na onyo utaliona kwenye kioo.

Jambo la mwisho ni kuchapisha. Kadi ya microSD iliyofomatiwa na Deck inakuwa ya ext4, mpangilio wa faili wa Linux, na kompyuta za Windows za steshenari pale Mwanga haziifungui zenyewe. Tumia flashi ya kawaida kwenye kile kifaa cha kugawa tundu, au jitumie faili kwa barua pepe. Na igeuze kwanza kuwa PDF, usije ukakuta safu za majina ya wanachama zimehama.