Jibu: Kanga mpya za mfarishi – WEKA MKASI CHINI KWANZA

Weka mkasi chini. Salamu baadaye.

Umeuliza mambo mengi kwa mpigo: kitabu gani cha kuanzia, mawazo mapya unayatoa wapi kila siku, cherehani ya mguu au ya umeme, katikati ya mfarishi (lile tandiko nene la kitanda la viraka) unaweka nini, na ukishamaliza unauza bei gani. Sawa, tutafika huko, panapo majaaliwa. Lakini katikati ya maswali umepachika maneno kama hayana uzito: "Kanga nimenunua jana Kariakoo, kesho asubuhi nakata, sitaki kuzifua zisije zikapoteza mng'ao." Halafu chini unasema ni nyekundu na utazichanganya na marekani nyeupe, kile kitambaa cha pamba kisicho na nakshi.

Mdogo wangu, huo mfarishi mimi nimeshaushona. Na nimeshaulipia.

Nilipata oda ya mama mmoja anayeoza binti. Alitaka mfarishi wa kitanda cha sita kwa sita, katikati kisutu, kukizunguka marekani nyeupe, pembeni vipande vya kitenge cha bluu iliyoiva. Kisutu unakijua, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Huku pwani bibi harusi asipokuwa nacho watu wanauliza kama kweli kaolewa. Nikaenda Mtaa wa Uhuru, huko huko Kariakoo, nikachagua chekundu kuliko vyote dukani. Muuzaji akaniapia: "Dada, hii haichuji hata uichemshe na maharage." Nikacheka, nikalipa. Kitabu nilichokuwa nacho, cha Kiingereza, nilichookota kwenye vitabu vya mtumba, kilisema kufua kabla ya kukata ni hiari ya mtu, tena kitambaa kipya kina ugumu wake wa kiwandani kinachofanya kikatike vizuri. Nikaangalia na video ya mama mmoja wa ng'ambo, naye akasema yeye hafui miaka yote na hajawahi kujuta. Mashahidi watatu! Ningekuwa hakimu ningefunga mtu kwa ushahidi huo.

Nikakata vyote siku ile ile. Nikashona. Na siwezi kusema uongo, ulitoka mzuri mpaka nikaanza kujiona. Kona zimekutana, bitana imekaa, mstari wa nyeupe umenyooka. Nilimpigia dada yangu simu kumwambia naacha kushona sare za shule. Picha ninazo mpaka leo, sionyeshi mtu.

Fungate likaisha, upande wa bwana harusi wakaamua kuufua. Wakauloweka kwenye beseni, maji ya moto, sabuni ya unga, usiku kucha. Asubuhi nyeupe yote ilikuwa imegeuka waridi, na penye mikunjo pana mabaka mekundu. Sasa nyie watu wa pwani mnajua, wekundu juu ya cheupe kwenye kitanda cha bibi harusi kwa desturi ni habari njema, kuna hadi vigelegele. Wa kwangu ulikuja na simu ya mama mtu, na kigelegele hakikusikika.

Nikadhani rangi ndiyo shida yenyewe. Walipouanika ndipo nikaona msiba wa pili. Marekani ilikuwa imerudi, yaani imenywea, kisutu kimerudi kidogo, na kile kitenge cha bluu hakikurudi hata unywele, kwa sababu kumbe hakikuwa pamba, kilikuwa poliesta. Pamba ya kawaida ikikutana na maji mara ya kwanza hurudi kama asilimia 3 hadi 5, na marekani iliyofumwa kwa ulegevu inaweza kupita hapo. Piga hesabu mwenyewe: kwenye upana wa sentimita 180, asilimia 5 ni sentimita 9. Nyeupe inavuta ndani, bluu inakataa kusogea, na wewe umeshazishonea pamoja juu ya blanketi la ndani. Mfarishi ukajaa matuta kama barabara ya mtaani kwetu baada ya masika. Mishono ya kona nilizokuwa najivunia, zile zilizokutana, ikaanza kufumuka moja baada ya nyingine.

Kwa akili zangu nikasema nitaiokoa nyeupe kwa jiki. Waridi ilipungua kidogo, kweli, ila nyeusi ya kisutu ikawa kahawia ya kutu. Hapo ndipo nilipokaa kwenye ndoo na kujiuliza maswali ya maisha.

Nilirudisha hela yote, nikanunua vitambaa upya kwa hela yangu, nikashona mwingine bure. Jumla ya hasara sitaiandika hapa kwa kuwa mume wangu naye ni mwanachama humu na yeye anajua nusu tu. Mume wangu kama unasoma, hii ni hadithi ya kutunga.

Niseme kuhusu hao mashahidi watatu, maana bado wananikera. Muuzaji namwelewa, yeye anauza kanga za kuvaa. Ikichuja wewe utaifua peke yake na maisha yanaendelea. Lakini kuapa, jamani? Hajawahi kuiloweka hata moja. Mwenye kitabu hakusema uongo, ila alikuwa anaandikia watu wa kwao, ambao dukani wanauziwa pamba iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii ya viraka, rangi imetulia, na juu ya hapo wana vikaratasi vya kunasa rangi vya kutupia kwenye mashine ya kufulia. Sisi hatuna. Sisi tuna beseni na mama mkwe. Huyo wa kwenye video ndiye sitamsamehe: ana kabati la vitambaa kubwa kuliko chumba ninachoshonea, akiharibikiwa na mfarishi anampa mbwa alalie.

Na kabla hajaja mtu hapa chini na "weka chumvi" au "weka siki", naomba tusitishane. Mashangazi zangu wote wamenifundisha hiyo na nimeijaribu. Kitambaa cha pamba kilichokwisha kupakwa rangi kiwandani hakishiki rangi zaidi kwa sababu umekitia siki. Rangi inayotoka ni ile iliyobaki juu, haikuingia kwenye nyuzi, na dawa yake ni kuitoa yote kabla haijapata jirani mweupe wa kumrukia. Maji ya moto yanaiharakisha, kuloweka kwa muda mrefu kunaipa nafasi ya kuhamia kwingine. Ndiyo maana mfarishi ule ulikuwa salama kitandani na ukafa kwenye beseni.

Sasa sikiliza utakachofanya leo usiku badala ya kunoa mkasi.

Kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwenye ukingo wa kila kanga. Chovya kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nusu saa, halafu kitoe ukilaze juu ya kitambaa cheupe na ukipige pasi kikiwa kibichi. Utaona mwenyewe, hutanihitaji. Kisha chomoa nyuzi mbili tatu za kila kitambaa uziwashe kwa kiberiti, juu ya sahani, siyo juu ya mkeka: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kile kidonge kikitokea, hicho kitambaa shonea mapazia, kisikaribie mfarishi wako wa pamba.

Halafu fua vyote. VYOTE, hata cheupe, hata bitana, hata blanketi la ndani kama ni la pamba. Nyekundu peke yake, nyeusi na bluu iliyoiva peke yake. Kanga mpya hazijakunjwa pindo, kwa hiyo pitisha zigizaga pembeni au kata ncha za kona kidogo, la sivyo utapata kichaka cha nyuzi. Suuza na kurudia mpaka maji yawe meupe; nyekundu itakusumbua, usikate tamaa na usidanganye macho, maji ya "waridi kidogo tu" ni waridi. Anika kivulini. Na huo ugumu unaoulilia, unaosaidia kukata, unarudishwa: chemsha uji mwepesi wa wanga wa muhogo, chovya, anika, piga pasi kikiwa na unyevu. Kinakuwa kigumu kuliko cha dukani. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo kwa shuka na mito, na hawakuwa na video.

Nasema tena kwa wenye haraka: fua kabla hujakata. Sina la zaidi.

Haya, msukumo. Umeweka picha ya mifarishi ya Gee's Bend, kile kijiji cha watu weusi kwenye kona ya mto kule Alabama, ukauliza kitabu gani kina michoro ya namna ile. Ni kweli ni kazi ya kutikisa mtu; mwaka 2002 ilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston na kisha New York, mwaka 2006 ikachapwa hadi kwenye stempu za posta za Marekani. Lakini angalia picha yako vizuri. Mingi kati ya ile ya zamani imeshonwa kwa suruali za shambani na mashati ya kazi yaliyochakaa. Kuna mahali utaona mraba wa bluu iliyokolea katikati ya bluu iliyopauka: hapo palikuwa na mfuko, ukabanduliwa, jua na sabuni vilikuwa vimeshafanya kazi pande zote isipokuwa chini yake. Wale mama hawakuhitaji kuambiwa wafue kwanza kwa sababu nguo zilikuwa zimefuliwa maisha yake yote. Ule upaukaji unaoupenda ndio kufua kwenyewe. Halafu wewe unaniambia unaogopa kupoteza mng'ao!

Wasidi wa Karnataka kule India, ambao asili yao ni huku kwetu Afrika, nao hushona mifarishi yao, kawandi, kwa sari na nguo kuukuu. Wanaanzia ukingoni wanazunguka kuelekea katikati, kona zote nne wanabandika vipembetatu vya kitambaa kilichokunjwa. Nimejaribu kuanzia pembeni hivyo na nikaona ni raha, huhitaji hesabu nyingi. Lakini tena: nguo kuukuu. Hebu niambie unaona nini kinachojirudia.

Hata kanga yenyewe, wazee wanasimulia ilianza karne ya 19 kwa wanawake wa pwani kununua leso za mraba zikiwa zimeungana, wakazikata na kuzishona tatu juu ya tatu kuwa nguo moja. Kwa hiyo usiniulize viraka tumevitoa wapi.

Mimi mawazo nayapata kwenye kamba ya kuanikia, na sisemi hivyo ili ionekane kila kitu nakirudisha kwenye kufua (nakirudisha, ndiyo). Dukani kila kanga inapiga kelele peke yake. Ukishazifua ukazianika kwa bahati tu, hii ya chungwa ikaangukia karibu na ile ya kijani ya jikoni, unaona vitu ambavyo hakuna kitabu kingekuonyesha. Nimetoa mfarishi mzima wa mtoto kutoka kwenye kamba ya jirani yangu; nilimwomba ruhusa nipige picha ya nguo zake na mpaka leo ananitazama kwa jicho. Mikeka pia itazame, siyo ile ya plastiki, ile ya ukindu: chane zinasukwa ukili mrefu, halafu ukili unashonwa ukili kwa ukili mpaka mkeka unatimia. Huo ni ushonaji wa vipande kabla hujagusa sindano ya cherehani. Na pindo la kanga usilitupe ukishakata mji wake, ile sehemu ya katikati. Mistari ile na zile nakshi za korosho ndizo fremu bora kuliko utakayobuni.

Kitabu nunua chochote chenye picha kubwa, hata cha mtumba, ila kumbuka jambo moja linalowaliza wengi: vitabu vingi vya ng'ambo vinapima kwa inchi na mshono wao, yaani kitambaa kinachoachwa pembeni ya uzi, ni robo inchi. Sisi mafundi mkono umezoea nusu inchi. Ukikata viraka tisa vya inchi 2 na nusu, ukavipanga tatu kwa tatu, kwa mshono wao mraba unatoka inchi 6. Kwa mshono wako wa mazoea unatoka inchi 4 na nusu, halafu unakaa unalaumu kitabu. Vitabu vina makosa yake, hilo siyo mojawapo. Na ukurasa ukikuambia kufua ni hiari, ufunge kwa pini.

Cherehani nitakujibu siku nyingine, wapo humu wanaojua injini kuliko mimi. Bei usiniulize, mimi ndiye niliyeshona mifarishi miwili kwa bei ya hasara.

Ukishaloweka hiyo nyekundu leo, piga picha ya maji uiweke hapa. Na uniambie ulinunua kona gani ya Mtaa wa Uhuru. Kama ni yule wa maharage, kesho naenda kununua uzi huko huko, nitapita dukani kwake na sufuria.