Honi ya Lionel: kabla hamjagusa ile skrubu

Wadogo zangu mnaofufua vichwa vya treni za umeme za kuchezea za Lionel, kampuni ya Marekani, vile vya mfano wa dizeli vya miaka ya 1940 na 1950, nawaomba kitu kimoja. Iacheni skrubu ya nyuma ya honi, ile ya kurekebisha mlio. Naletewa kichwa kilicho kimya, nafungua, nakuta skrubu imezungushwa mpaka mfuo wake umelika. Kiwandani ilishapangwa mahali pake. Kilichochoka karibu kila mara ni kitu kingine.

1. Honi haili umeme wa reli. Inakula betri ya D, volti 1.5, iliyomo ndani ya kichwa. Ukisukuma mkono wa honi kwenye ZW au KW, yaani transfoma za Lionel, transfoma inachanganya DC kidogo (umeme wa upande mmoja) na AC ya reli (umeme wa kwenda na kurudi), rilei, yaani swichi ya sumaku iliyomo kichwani, inavutika, platini zake (vipande vya kugusanisha umeme) zinakutana, na betri ndiyo inayoiliza honi. Kuongeza volti za reli kunakimbiza treni tu. Na ule muungurumo treni ikiwa imesimama si honi, ni E-unit, swichi ya ndani ya kubadili mwendo wa mbele na nyuma.

2. Toeni betri kila mnapomaliza kucheza. Kila mnapomaliza! Kuna kijana alirithi kichwa namba 2333, chenye rangi za reli ya Santa Fe ya Marekani, ile nyekundu na fedha iliyotoka 1948. Babu yake aliitunza vizuri kabisa, rangi bado inang'aa. Kijana akatia betri mpya, honi ikalia, nyumba nzima ikashangilia, akaifungia kwenye sanduku na betri yake ndani. Alipokuja kuniletea, kishikio cha betri kilikuwa unga mweupe, bati la kugusia limeliwa mpaka limekatika, na maji ya betri yalishapanda ndani ya waya, chini ya plastiki, hadi kwenye rilei. Waya ule haushiki lehemu tena. Unaukwangua, unaona shaba nyeusi tu. Alikuwa kijana mwenye mapenzi ya kweli na kitu kile, na hilo ndilo lililoniuma. Zaidi ya hapo, alikuwa ameshamwaga magadi ya kuokea juu ya uchafu, kwa sababu mtu alimwambia. Magadi ni kwa betri za zamani za zinki na kaboni, ambazo uvujaji wake ni wa asidi. Alkalini huvuja potasiamu haidroksaidi, na dawa yake ni siki kidogo kwenye pamba, kisha kufuta kwa maji na kukausha. Tulibadilisha waya wote na bati la kishikio. Honi yenyewe ilipona.

3. Pimeni kipande kwa kipande. Betri moja kwa moja kwenye honi: ikilia, honi ni nzima. Bonyeza rilei kwa kijiti cha meno: ikilia, waya na betri ni wazima. Hapo imebaki transfoma. Weka mita ya DC kwenye reli na usukume mkono. Hapo angalieni vidole vyenu. Mkono una hatua mbili: ya kwanza inatoa DC ya kuivuta rilei, ya pili inapunguza na kuishikilia tu. Vijana mnausukuma kwa kishindo hadi mwisho, rilei haipati nafasi, halafu mnasema imekufa.

4. Platini zisafishwe kwa karatasi ngumu yenye spiriti. Msasa hapana.

5. Sasa skrubu, kama baada ya yote hayo honi bado inakwaruza. Weka alama ya penseli ilipo, unga betri, zungusha kidogo sana huku unasikiliza, na upumzishe koili kila baada ya mlio mfupi.

6. Maboresho ninayoyakubali: betri ya AA ya lithiamu ndani ya ganda la kuifanya iwe na ukubwa wa D. Volti ni zile zile 1.5 na ni nadra sana kuvuja. Za kuchaji za NiMH zina 1.2 na honi inalegea. Kutoa kiwambo na kuweka spika ya kielektroniki sishauri. Sauti ile ya chuma kutetemeka ndiyo mali yenyewe.

7. DC ikiwa hafifu, sahani ya rektifaya (kipande kinachogeuza AC kuwa DC) ndani ya transfoma imezeeka. Weka dayodi ya silikoni inayobeba ampea za transfoma yako, na uangalie upande wake. Rilei ya zamani haijali, lakini vichwa vya kisasa vinajali: DC ikija upande mmoja ni honi, ikija upande wa pili ni kengele. Ukiifunga kinyume, chako cha 1950 kitapiga honi, na cha mwenzako kwenye reli hiyo hiyo kitagonga kengele.