Ulinzi wa mtoa taarifa hauanzii kwenye kundi la WhatsApp

Nilikuwa mhudumu wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mzee mmoja, aliyepooza upande wa kulia, akaanza kuvuta mikono ya sweta hadi vidoleni kila nikimkaribia. Siku ya kumwogesha nikauona: mstari wa zambarau umezunguka kifundo cha mkono, upana wake kama mkanda.

Nilichofanya baada ya hapo ni upumbavu. Niliwasimulia wenzangu jikoni, kisha nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, na jina la niliyemshuku nikalitaja. Kesho yake natishiwa kesi ya kashfa, na mzee bado yuko mikononi mwa mtu yuleyule.

Sheria za kumlinda mtoa taarifa kwa kawaida hufuata njia ambayo taarifa imepitia. Ukiipeleka polisi, ustawi wa jamii au kwa mamlaka inayokagua huduma hizo, unalindwa. Ukiimwaga kundini, umejitoa mwenyewe kwenye ulinzi huo. Majimbo mengi ya Marekani yanampa kinga ya kutoshtakiwa anayeripoti kwa nia njema, hata uchunguzi usipothibitisha kitu, na wahudumu wa afya wengi huko wanalazimika kuripoti. Uingereza ina sheria ya mwaka 1998 inayomkinga mfanyakazi anayefichua maovu asifukuzwe wala kunyanyaswa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 16, unazitaka nchi zihakikishe visa vya unyanyasaji vinatambuliwa na kuchunguzwa. Kwa hiyo kabla ya yote, ulizia sheria ya kwenu inataja ofisi gani.

Nia njema haidai uthibitisho. Inatosha uwe na sababu ya kueleweka ya kushuku. Kuchunguza ni kazi ya wengine. Uongo wa makusudi ndio haulindwi.

Uliza pia kama jina lako litafichwa au hutalitaja kabisa, maana si kitu kimoja. La kufichwa wao wanalijua, na mahakama yaweza kulitaka. Usipolitaja kabisa uko salama zaidi, lakini mpelelezi hana wa kumrudia akikwama. Mimi nilitoa langu.

Safari ya pili nilienda kwenye ofisi inayohusika, na daftari mkononi: tarehe, saa, rangi ya alama, na maneno ya mzee kama alivyoyatamka. Sikumpiga picha, hakuridhia, na mwili ni wake.

Siku nne baadaye zamu zangu zikapungua kutoka tano hadi mbili. Hakuna barua, hakuna maelezo. Nilichukua ratiba ya kabla na ya baada, nikazitia kwenye bahasha moja. Mwanasheria niliyemwendea aliniomba hizo kwanza, kabla hata ya kuniuliza jina.