Ukitaka kuielewa Japani ya kale, orodha ya wafalme iweke kando kwanza

Nilipokwenda Osaka kusoma, nilijipangia kukariri majina kumi ya Matenno, wafalme wa Japani, kila usiku. Nilianza na Jimmu, ambaye mapokeo yanasema alitawazwa mwaka 660 KK, nikilenga kufika kwa Naruhito wa leo, wa 126. Baada ya wiki moja nilikuwa nimefika mbali, nami sikuwa na la kumweleza mtu. Nilijua nani alimfuata nani. Sikujua walikula nini, amri zao zilifikaje mashambani, wala kwa nini watu waliwatii. Tangu hapo, kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanze na vilivyotoka ardhini.

Sababu ni kwamba majina ya mwanzo ya orodha ile hayana ushahidi wa zama zake. Tunayapata katika Kojiki ya mwaka 712 na Nihon Shoki ya 720, vitabu vilivyoandikwa na watu wa ikulu. Kazi hiyo ilianzia kwa Tenno Tenmu, aliyetwaa kiti mwaka 672 kwa kupigana vita na mtoto wa kaka yake. Mtu aliyeingia madarakani kwa upanga ana haja kubwa ya nasaba iliyonyooka. Basi unaposoma kwamba mungu wa jua, Amaterasu, alimtuma mjukuu wake duniani na kioo, upanga na kito, soma kwa heshima, ila kumbuka uko na watu wa karne ya 8 wanaoeleza haki yao ya kutawala. Ukilishika hilo, visa vyenyewe vinakuwa vitamu maradufu.

Makaburi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kuanzia katikati ya karne ya 3 wakubwa wa Yamato, eneo la Nara ya leo, walijengewa vilima vya udongo vyenye umbo la tundu la ufunguo. Kubwa kuliko yote liko Sakai, jirani na Osaka, linaitwa Daisen, na urefu wake unakaribia nusu kilomita. Nilikwenda mara ya kwanza kwa miguu, nikalizunguka karibu saa nzima, nikaona maji na miti tu. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Kuingia hairuhusiwi, kwa kuwa idara ya ikulu inalihesabu kuwa kaburi la Tenno Nintoku. Panda ghorofa ya 21 ya ofisi ya manispaa ya Sakai, hawatozi kitu. Hata huko juu umbo halionekani vizuri, ila utaona msitu mzima uliosimama katikati ya nyumba za watu, na hapo utajiuliza swali la maana: ni nani aliyeweza kuwakusanya watu wengi kiasi hicho wachimbe, wabebe na wamwage udongo miaka na miaka?

Jibu mojawapo limeandikwa kwenye upanga. Mwaka 1968 ulichimbuliwa katika kaburi la Inariyama, mkoa wa Saitama, kaskazini mwa Tokyo, ukiwa umeshikwa na kutu. Miaka kumi baadaye picha za eksirei zilionyesha herufi 115 za dhahabu chini ya kutu ile. Mwenye upanga anataja wahenga wake vizazi vinane, kisha anasema alimtumikia mfalme mkuu Wakatakeru. Wataalamu wengi wanausoma mwaka ulioandikwa kuwa 471. Upanga mwingine wenye jina la mfalme huyo ulipatikana Kyushu, upande wa pili kabisa wa nchi. Hapo tunamwona mtawala ambaye wakubwa wa mbali waliona fahari kuzikwa na jina lake. Na tazama cheo chenyewe: mfalme mkuu. Jina la Tenno lilikuwa bado halijazoeleka.

Lakini ukiniambia una siku moja tu, nitakupeleka kwenye vibao vya mti vya Nara, uliokuwa mji mkuu katika karne ya 8. Vinaitwa mokkan. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo makarani waliandika kwa wino juu ya vipande vyembamba vya mbao, na kazi ikiisha walikwangua kwa kisu kidogo wakaandika upya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wajenzi walipokuwa wakiandaa kiwanja cha duka kubwa, zilipatikana mabaki ya nyumba ya Mwanamfalme Nagaya, mjukuu wa Tenmu, pamoja na vibao karibu 35,000, vingi vikiwa ni makwanguo tu. Kuna kinachotaja mchele aliopewa mtu aliyeleta maziwa. Kuna vya mchele wa mbwa, na vya mchele wa korongo waliofugwa pale. Katika vibao vya Nara kwa jumla utakuta lebo za chumvi na mwani vilivyoletwa kama kodi kutoka majimbo ya pwani. Sheria za Taiho za mwaka 701 zilitaka kodi zifike mji mkuu, na vibao hivi ndivyo vilivyofungwa kwenye mizigo yenyewe.

Kimoja kilinishika zaidi. Ni lebo ya awabi, konokono wa baharini anayeliwa, walioletwa kwa Nagaya, nayo inamtaja kwa cheo ambacho kisheria ni cha mtoto wa Tenno au ndugu yake. Historia rasmi inamwandika kwa cheo cha chini ya hicho. Mwaka 729 alishtakiwa kwa njama, nyumba yake ikazingirwa na askari, akajiua. Mshindi aliandika kitabu. Lebo ya awabi ikabaki topeni ikiwa na neno lake.

Nenda na swali la wanawake pia, maana wengi hulipita. Kati ya 592 na 770 wanawake sita walitawala kwa vipindi vinane, wa kwanza akiwa Suiko. Kojiki yenyewe ilikabidhiwa kwa mwanamke, Tenno Genmei. Aliyeiandika, O no Yasumaro, kuna waliotilia shaka habari zake, hadi mwaka 1979 mkulima aliyekuwa akichimba shamba lake la chai nje ya Nara alipofukua kaburi lenye bamba la shaba na jina lake.

Ukipanga safari, panga majira ya vuli, Oktoba hadi Novemba. Wakati huo hazina za Shosoin, ghala la kale la Nara, vikiwemo vitu vya Tenno Shomu vilivyotunzwa tangu karne ya 8, hutolewa kwa wiki chache katika makumbusho ya taifa ya Nara, na mokkan halisi huonyeshwa kwenye uwanja wa ikulu ya kale ya Heijo. Foleni ya Shosoin ilikuwa ndefu hadi mwaka 2019. Kwa mokkan utasimama ukaribie kioo, taa zikiwa hafifu ili wino usififie, usome polepole mwandiko wa karani aliyekuwa akihesabu mchele.