Si ugonjwa wa matajiri

Ndugu yangu, umeandika kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wenye pesa na vitambi. Hapana. London kwenyewe, utafiti wa Whitehall ulioanza mwaka 1967 uliwafuatilia watumishi wa serikali, na waliokufa zaidi kwa moyo walikuwa wa ngazi za chini, si mabosi.

Huku kwetu naliona kwa mama mkubwa, yuko Ukerewe, ana miaka 71. Presha ikifika 170 kwa 100 haumwi popote, na hapo ndipo hatari ilipo. Dawa zikiisha inabidi apande kivuko kuja Mwanza mjini. Juzi nimefungua kimfuko chake nikakuta vidonge kavikata nusu kwa kisu cha kumenyea mihogo. Anameza leo, kesho anaruka, ili vifike mwisho wa mwezi. Mzee wa umri wake mwenye bima, anayekaa Capri Point, mtaa wa wenye nazo hapa Mwanza, hakati kidonge.

Sera ya wazee ya mwaka 2003 ilisema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Sawa, lakini nauli nani analipa? Na dirishani wakikwambia dawa hakuna, nenda duka la nje?

Nakuomba kampime mzazi wako presha wiki hii. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tena siku tofauti, mpeleke kwa daktari. Na kayabo, yule samaki mkavu wa chumvi, iloweke usiku kucha, yale maji ya chumvi umwage.